Mvivu au Mgonjwa?

Neno moja husemwa upesi sana shuleni na shambani: “Huyu ni mvivu.” Likishasemwa, hunata kama ulimbo, wala aliyepewa hapati kulivua tena. Mtoto asinziaye darasani huitwa mvivu. Mwanamke achokaye kabla jua halijapanda huitwa mvivu na mumewe, pengine na wakwe zake pia. Basi, ndugu wasomaji, twauliza: Je, ni haki kumlaumu mtu kwa upungufu ambao hakuuchagua?

Tuanze na mwili wenyewe. Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani ujumbe uchukuliwao na damu hata kila kiungo. Neno hilo homoni lilitolewa na Ernest Starling, mtaalamu wa London, mwaka 1905. Homoni ya tezi hii ndiyo ichocheayo moto wa mwili. Ikipungua, mtu huona baridi hali wenzake waona joto, husinzia, husahau, na mwendo wake huwa mzito. Angalieni: dalili hizi ndizo zile zile tuzitajazo tunapomsema mvivu.

Tezi haiwezi kutengeneza homoni yake pasipo iodini, ambayo watu wetu huiita madini joto. Mtu mzima ahitaji kidogo mno: gramu moja yamtosha zaidi ya miaka 18. Hata hicho kidogo kikikosekana, tezi hujitahidi mpaka huvimba, ndilo rovu. Tena rovu si baya kuliko yote. Mama mjamzito akikosa sana madini hayo, ubongo wa mtoto huumia tumboni, naye aweza kuzaliwa kiziwi au mpungufu wa akili. Na dhara hilo halirudishwi nyuma.

Sisi wa Simbo twaweza kusema, “Chumvi tunayo tangu zamani.” Ni kweli. Kule Uvinza, karibu na mto Malagarasi, maji ya chemchemi yamepikwa kuwa chumvi tangu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na wafanya biashara waliichukua hata ng’ambo ya ziwa. Lakini chumvi kuwa nyeupe si kusema ina madini joto. Hata chumvi ya baharini huwa nayo kidogo mno mpaka itiwe na watengenezaji. Samaki wa maji baridi, dagaa wetu wakiwamo, hawana iodini nyingi kama samaki wa bahari. Tena muhogo mchungu usiolowekwa vema una sumu iizuiayo tezi isipate iodini. Jambo hilo madaktari walilichunguza katika kisiwa cha Idjwi, ziwa la Kivu, palipokuwa na marovu mengi. Basi mtu aweza kushiba ugali na dagaa kila siku, na chumvi imo, na bado tezi yake ina njaa. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa wengine watapinga: “Mkisema hivyo, kila mtegeaji atasingizia tezi.” Neno lao lina nguvu, nasi hatulidharau. Wavivu wapo. Wala si kila asinziaye ana ugonjwa wa tezi: mwingine amelala na njaa, mwingine ana malaria, mwingine hapendi kazi tu. Lakini tufikiri lawama ni nini. Kumlaumu mtu ni kumwambia, “Ungaliweza kutenda vingine, nawe hukutaka.” Asemaye hivyo sharti ajue kwamba yule aliweza. Kama hakuchunguza, ameshuhudia asiloliona, na shahidi wa namna hiyo hapokewi barazani.

Tena, tukimwondolea mgonjwa lawama, lawama haipotei, yahama. Zamani sababu ilipokuwa haijajulikana, mama aliyezaa mtoto kiziwi hakuwa na kosa, wala jirani aliyeshtakiwa uchawi kwa ajili yake. Lakini Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na katika miaka ya 1990 Tanzania nayo iliweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Siku hizi dawa yauzwa dukani pamoja na sabuni na kiberiti. Basi mwenye duka auzaye chumvi isiyotiwa madini kwa kuwa ni rahisi, hali ajua, huyo angaliweza kutenda vingine. Mwalimu ashikaye fimbo kabla ya kumchunguza mtoto, naye angaliweza. Hao ndio wa kuulizwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Tununue chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Tuifunike isipate jua wala unyevu, tukaitie chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Muhogo mchungu tuuloweke siku za kutosha. Na mtoto akiwa mzito siku zote, tumpeleke kwanza kwa mganga wa hospitali, damu yake ipimwe, maana upungufu wa homoni hiyo una dawa. Akionekana mzima, hapo ndipo tumfundishe habari ya bidii. Kuchunguza kutangulie, hukumu ifuate.