Mchoraji na Wasomaji Wake Wawili

Kitabu cha picha kina ajabu moja: anayekinunua si yule kilichotungwa kwa ajili yake. Mtoto hana fedha, na aghalabu hajui kusoma. Mtu mzima ndiye anunuaye, ndiye asomaye maneno kwa sauti. Mtoto, aliyeketi ubavuni pake, husoma picha. Basi mchoraji ana wasomaji wawili katika ukurasa mmoja. Amtii nani?

Wako wachoraji wanaomkonyeza mzazi juu ya kichwa cha mtoto. Hutia mzaha usiofahamika na mdogo; mzazi hucheka, mtoto huuliza sababu, asijibiwe. Huko ni kumcheka mgeni katika karamu aliyoandaliwa yeye. Wengine hufuta kila kitu cha kutisha, kwa kuwa mzazi apenda kuamini kwamba mwanawe hana hofu wala ghadhabu. Hawa nao wamemtumikia mwenye fedha.

Maurice Sendak, mzaliwa wa Brooklyn, hakufuata njia yoyote katika hizo. Kitabu chake, Where the Wild Things Are, kilitoka mwaka 1963. Max, mvulana mtundu, anapelekwa kulala bila ya kula. Anasafiri kwa mashua hadi nchi ya mazimwi, akawa mfalme wao. Picha ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri mambo yanavyochacha, picha hukua hata ikayasukuma maneno nje: kurasa mbili za vishindo bila neno, na tena mbili, na tena mbili. Mtoto hahitaji kufafanuliwa. Jicho lake limekwisha kuona. Mtu mzima naye huona mengine, kwani Sendak alieleza kuwa sura za mazimwi alizitoa kwa jamaa zake, wahamiaji wa Kiyahudi, waliomwinamia utotoni. Picha ni ile ile, wala hapana konyezo.

Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtaalamu wa nafsi za watoto, alikilaumu kitabu hicho, ingawa alikuwa hajakisoma: mama kumnyima mtoto chakula, alidhani, kungemtia hofu ya kutupwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Walakini hofu hiyo mtoto alikuwa nayo kabla ya kitabu. Mchoraji ameipa sura na mpaka. Max anarudi, anakuta chakula chake kingali moto, na ukurasa wa mwisho hauna picha hata kidogo.

Katika In the Night Kitchen, cha mwaka 1970, Sendak alimchora mtoto akielea uchi ndani ya ndoto yake. Baadhi ya wakutubi wa Marekani walichukua rangi wakamvisha nepi. Mtoto mwenye kukitazama kitabu hakuwa ameomba nguo ile. Yeye mwenyewe huogeshwa kila siku.