Mkate Uitwao Maisha

Asubuhi na mapema jijini Kairo, kijana hupita barabarani juu ya baiskeli. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umeshikilia chanja pana ya mbao aliyojitwika kichwani, imejaa mikate ya duara iliyotoka tanurini punde. Honi zinalia kila upande, yeye anapenya tu. Mgeni hushika pumzi. Wenyeji hata hawageuki.

Mkate huo wa ngano yenye pumba huitwa eish baladi. Nchi nyingi za Waarabu husema khubz; Wamisri wameuita eish, yaani maisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, maana neno hilo ni la ukoo mmoja na "kuishi" kwetu. Na jina halikubaki mdomoni. Kipande kikianguka njiani, mpita njia hukiokota, akakibusu na kukiweka kando kisikanyagwe. Kutafuta riziki ni kula eish. Waliokula pamoja mkate na chumvi wameshakuwa ndugu, na atakayemgeuka mwenzake baada ya hapo ataambiwa amesahau mkate ule. (Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee tu, kukugeuka anaweza vilevile.)

Katika mitaa ya zamani, mama wa ghorofa ya nne hana sababu ya kushuka ngazi. Huteremsha kikapu kwa kamba, pesa zikiwa ndani. Muuzaji hutia mkate, au maharage ya fuul yaliyopikwa usiku kucha, na kikapu hupanda. Bei na hali ya mgonjwa wa nyumbani huulizwa kwa sauti moja, mtaa mzima ukisikia. Faragha ni haba.

Lakini mkate huu pia ni siasa, tena nzito. Januari 1977, serikali ya Rais Anwar Sadat ilipotangaza kupunguza ruzuku ya vyakula vya msingi, Kairo na miji mingine ililipuka. Jeshi likaingia barabarani, watu wengi wakauawa, na baada ya siku mbili bei mpya zikafutwa. Mwaka 2011, wakati wa mapinduzi, umati katika uwanja wa Tahrir jijini Kairo ulidai mambo matatu: eish, uhuru na haki ya kijamii. Aliyesikia ombi la chakula peke yake hakuwasikia vizuri. Kwa Kiarabu cha Kairo, neno lile lile lilikuwa linadai maisha.

Kwa zaidi ya miaka 30 mkate mmoja wa ruzuku uliuzwa piasta 5. Juni 2024 ukapanda hadi piasta 20, mara nne kwa mpigo. Mwenye kadi ya mgawo bado ana haki ya mikate mitano kwa siku kwa kila mtu wa nyumbani kwake.