Lugarawa na Mmisionari wa Wiki Tatu

Kata ya Lugarawa, iliyomo katika Wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, imewapokea wageni wengi waliofika kwa jina la Injili. Wabenedikto wa Peramiho ndio walioulea Ukatoliki katika nchi ya Wapangwa kabla ya Jimbo la Njombe kuundwa mwaka 1968, na upande wa Waprotestanti, wamisionari wa Chama cha Berlin walikwisha kufungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, kisha wakasogea hadi Milo, ambako Waanglikana waliirithi kazi yao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu hao walikuwa na kasoro zao, ukiwemo ukaribu na utawala wa kikoloni uliowafanya wenyeji wengi wasiwatofautishe na serikali, na si ajabu kwamba kituo cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Hata hivyo, kosa moja ambalo hakuna awezaye kuwabebesha ni haraka, kwa sababu walijifunza lugha, wakalima, wakaugua, na baadhi yao wakazikwa huku huku. Mgeni wa leo ni wa namna nyingine: ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ana tiketi ya kurudi kwao mfukoni, na muda wake wa kukaa mara nyingi huhesabiwa kwa wiki.

Safari ya namna hii huitwa misheni ya muda mfupi, yaani utume unaofanywa na muumini ambaye si padri, si mchungaji wala si mtawa, kwa kipindi cha wiki mbili au tatu, na kwa wengine hadi mwaka mzima, kwa nia ya kushiriki kazi ya Kanisa katika jamii iliyo maskini kuliko ile aliyotoka. Nchini Marekani mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria, kwa takwimu za katikati ya muongo wa 2000, kwamba waumini wapatao milioni 1.6 husafiri hivyo nje ya nchi yao kila mwaka. Nchini Ujerumani mashirika ya kitawa huwatuma vijana kama wamisionari wa muda, na tangu mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo imekuwa na mpango uitwao weltwärts unaogharimia vijana wa miaka 18 hadi 28 kwenda kujitolea katika nchi zinazoendelea. Wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Vijana wa Kitanzania walio katika TAFES, UKWATA, VIWAWA na makundi mengine ya wanafunzi na vijana huenda misheni vijijini wakati wa likizo, na kijana wa Dar es Salaam anayeshuka Makambako usiku wa Julai akiwa na fulana moja huwa mgeni sawasawa na yule wa Bavaria, maana Kipangwa hakijui na baridi ya nyanda za juu hajawahi kuionja.

Jambo la kwanza linalostahili kutazamwa kwa makini ni kalenda. Wageni wengi hufika Julai na Agosti, kwa sababu ndiyo miezi ambayo vyuo vya kaskazini mwa dunia vimefungwa, na kwa sababu ndiyo miezi ambayo barabara hupitika bila taabu. Katika nyanda za juu kusini mvua ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, hupaliliwa katikati ya msimu, na huvunwa kati ya Juni na Agosti. Maana yake ni kwamba mgeni wa Julai huikuta Lugarawa katika hali yake iliyo bora, ghala zikiwa zinajaa, huku wanawake wakiwa wamebanwa na kazi mbili kwa pamoja, yaani kuvuna na kupukuchua mahindi upande mmoja, na upande wa pili kulima vinyungu, ambavyo ni bustani za mabondeni zinazotumia unyevunyevu wa ardhi wakati wa kiangazi. Ni katika wiki hizo hizo ambapo akina mama hao huitwa kukaa ukumbini kusikiliza semina ya usafi au ya ujasiriamali iliyoandaliwa na watu wasiowahi kupalilia hata tuta moja. Miezi iliyo migumu kweli, Januari hadi Machi, ambapo akiba ya chakula hupungua na magonjwa ya watoto huongezeka, hakuna kikundi cha misheni kinachobisha hodi. Hapo zamani kisingizio kilikuwa utelezi wa barabara ya Njombe hadi Ludewa, na kilikuwa kisingizio cha haki. Siku hizi kipande cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kimejengwa kwa zege, kwa hiyo kisingizio hicho kimepungua nguvu.

Kalenda hiyo hudhihirisha ni nani aliyeipanga safari na kwa manufaa ya nani. Mgeni hudhani kwamba yeye ndiye mtoaji, wakati ukweli ukihesabiwa vizuri huonyesha kwamba kwa sehemu kubwa anapokea. Parokia hutuma gari kumpokea Makambako au Njombe. Masista humpisha chumba na kumchemshia maji ya kuoga. Mwalimu wa shule ya msingi huacha darasa ili awe mkalimani. Na familia inayotembelewa huchinja kuku ambaye, kwa hesabu ya kawaida ya nyumba hiyo, angekuwa daftari na sare za mtoto. Malipo ya hayo yote huwa ni shukrani, picha, na pengine mabegi ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Yafaa basi kuiita safari hii kwa jina lake halisi: ni shule, na Lugarawa ndiyo mwalimu, tena mwalimu asiyelipwa.

Kusema hivyo si kuidharau, maana shule ni kitu chema. Lugarawa yenyewe imekwisha kuufundisha ulimwengu wa tiba jambo kubwa. Mwaka 1996 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa madaktari wa Italia uliopewa jina la kijiji hiki, likiandikwa Lugalawa, ambao uliwalinganisha wanavijiji wa milimani, wanaokula zaidi nafaka na mboga, na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku, na ukaonyesha kwamba wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta mabaya machache zaidi katika damu. Uchunguzi huo umerejelewa na watafiti wa magonjwa ya moyo sehemu nyingi za dunia, ilhali wakazi wengi wa Ludewa hawajawahi kusikia kwamba habari hizo ziliandikwa kutokana na damu ya wazee wao. Hospitali ya Mtakatifu Yohane iliyopo hapo, pamoja na chuo chake cha afya, huwapatia wanafunzi wa udaktari wa kigeni mafunzo ambayo kwao hayapatikani kirahisi, kwa sababu mganga wa hospitali ya kijijini hulazimika kuamua kwa macho na mikono mambo ambayo mwenzake wa Ulaya huyaamua kwa mashine. Iwapo mwanafunzi huyo anayajua hayo, atashika adabu ya mwanafunzi. Iwapo hayajui, atajaribu kufanya juu ya mgonjwa wa Kipangwa kazi ambayo kwao asingeruhusiwa kuigusa, jambo ambalo ni hatari kwa mgonjwa na ni kinyume cha taratibu za taaluma, kwa kuwa mtu hatibu Tanzania bara pasipo kutambuliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Wakosoaji wa misheni ya muda mfupi si haba, na wengine wametoka ndani ya Kanisa lenyewe. Padri Ivan Illich, akihutubia vijana wa Marekani huko Cuernavaca, Mexico, mwezi Aprili 1968, aliwataka waende kutazama milima na maua na kujifunza, lakini wasithubutu kwenda kusaidia. Miongo kadhaa baadaye mtafiti Kurt Ver Beek alichunguza nyumba zilizojengwa Honduras baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998, akakuta kwamba nyumba iliyojengwa na kikundi cha misheni kutoka Amerika Kaskazini iligharimu, nauli ikijumlishwa, kiasi cha dola 30,000, wakati mashirika ya nchini humo yalijenga nyumba ya namna hiyo kwa dola 2,000 hivi, na wenye nyumba hawakuonyesha tofauti ya maana katika maisha yao. Hesabu hiyo inauma, na haikanushiki kwa hisia. Lakini Illich alizidisha, kwa sababu aliusahau upande wa mwenyeji: kumpokea mgeni ni haki na heshima ya jamii, na hakuna mtu wa Mexico wala wa Marekani aliye na mamlaka ya kuwaamulia Wapangwa ni nani wa kukaribishwa na nani wa kufukuzwa. Wahenga walikwisha kulimaliza suala hilo waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kueleza kwamba katika jamii ya Kiafrika hapakuwa na mnyonyaji. Hoja ya kuzingatia ni kwamba jembe hutolewa na mwenyeji. Mgeni hafiki na jembe lake, wala hachagui shamba.

Maandiko Matakatifu nayo yanaelekea huko huko. Katika sura ya kumi ya Injili ya Luka, Yesu anawatuma wanafunzi sabini, au sabini na wawili kwa tafsiri nyingine, wawili wawili, pasipo mfuko, mkoba wala viatu, akiwaagiza wakae katika nyumba moja na wale watakachopewa. Hiyo ilikuwa misheni ya muda mfupi, na sharti lake kuu lilikuwa kwamba anayetumwa afike akiwa mhitaji. Mmisionari wa siku hizi hufika na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, chujio la maji, vyakula vya makopo na ratiba iliyochapishwa, na hapo ndipo mamlaka ya mwenyeji huanza kuyeyuka.

Kuna mambo ambayo muda mfupi hauwezi kabisa kuyagusa, na ni vyema yakatajwa bila kuficha. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 12.7 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kikiwa kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi huzimeza kila siku kwa maisha yake yote. Bibi anayelea wajukuu watatu yatima huwalea mpaka wamalize shule. Na muuguzi anayefuatilia waliokatisha dawa hutembea milima hiyo mvua na jua. Mtoto aliyekwisha kufiwa na wazazi, anapopewa rafiki mpya kila Julai na kunyang'anywa kila Agosti, hufunzwa kwamba kila ampendaye huondoka. Kwa sababu hiyo, vikundi vinavyoomba kwenda "kucheza na yatima" vikataliwe bila mjadala, na picha za watoto hao zisiruke hadi kwenye simu za Ulaya pasipo ridhaa ya walezi wao.

Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliliambia Kanisa kwamba lisipopigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa pamoja na dhuluma yenyewe. Kijana wa wiki tatu hawezi kuubadili mfumo akiwa Lugarawa, lakini anaweza kuudai ubadilike akiwa kwao, ambako ana kura, ana askofu na ana mbunge anayepokea barua zake. Msaada wa kigeni uliodumu katika eneo hili una sura tofauti na ile ya kupaka rangi madarasa. Umeme wa maji wa Mawengi, wenye uwezo wa kilowati 300, ulijengwa na shirika la Italia la ACRA pamoja na Jimbo la Njombe kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kisha ukawekwa mikononi mwa jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA, ambayo wanachama wake ni wanavijiji wenyewe. Kazi ya namna hiyo ilihitaji miaka, wahandisi, mikutano isiyokwisha na uvumilivu wa kugombana na kupatana.

Parokia na dayosisi za Njombe zinapaswa kuacha kupokea barua za maombi ya vikundi na kuanza kutoa masharti yao wenyewe, kwa maandishi. Mgeni aje katika mwezi utakaotajwa na mwenyeji, hata ukiwa Februari wenye matope; awe amejifunza Kiswahili cha kutosha kuamkia watu na kuomba radhi; awe na kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo ndilo daraja la watu wa kujitolea, badala ya kujificha nyuma ya viza ya utalii; awe chini ya amri ya sista, mwalimu au fundi wa hapo, akifanya kazi aliyopangiwa, ikiwemo kuosha vyombo; na alipe ada kwa mwalimu wake, yaani kwa kijiji, kama anavyolipa chuoni kwake. Asiyeyakubali hayo abaki kwao, na nauli yake itumwe kumlipia karo mwanafunzi mmoja wa chuo cha afya cha Lugarawa.