Mashine Haiongezi Kiti

Mwanangu wa Kanazi, nimefurahi kusikia kahawa imelipa na umeshapata mtumbwi wa mbao kule Nyamirembe. Ila hili la kutaka mashine ya hosipawa 40 kwa kuwa jirani yako mwaloni anayo, hapo nakusihi utulie.

Mashine ya 15 ina kilo 36 hivi. Ya 40 hupita 70. Uzito wote huo unaning'inia kwenye ubao wa nyuma, na hapohapo umekaa wewe na dumu lako la petroli. Niliwahi kuona mtumbwi mdogo kama wako umefungwa 40. Pua ilitazama mbingu. Nyuma maji yalibakiza vidole vitatu kuingia. Mwenyewe alipozima ghafla, wimbi aliloliacha nyuma likamfikia, likamwagikia ndani. Aliponea ufukoni.

Na mbio zenyewe hutazipata. Mtumbwi mzito unalima maji, haupandi juu yake. Ukishafika kikomo chake, nguvu inayozidi inaishia kunyanyua wimbi na kunywa petroli. Wala usikimbilie kimashine dhaifu kwa ubahili, maana upepo wa ziwani ukikugeukia na samaki wamejaa, kitanguruma tu nanyi mmesimama. Pima mzigo utakaobeba kweli, kisha muulize fundi aliyeunda mtumbwi, ubao ule unahimili nini. Akisema 15, msikilize.

Kilichoninyima usingizi ni kauli yako kwamba ukiwa na 40 utapakia watu kumi na wawili badala ya sita. Hapana, mwanangu. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa cha watu 101. Miezi michache kabla ya ajali yake, injini zake mbili zilifanyiwa matengenezo makubwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kimefurika watu, kisiwa cha Ukara kikiwa pale mbele, na roho 228 zikapotea. Injini nzima, watu hawapo. Abiria hajui hosipawa. Anakutazama wewe usoni. Ukimwambia "ingia", anaingia na mtoto mgongoni.

Chukua 15. Pesa itakayobaki nunua majaketi okozi, moja kwa kila anayekaa humo, na la mtoto liwe la kimo chake. Na kabla hujalipa chochote, mpigie mama watoto umtajie bei zote. Kahawa ile mliichuma wote.