Iguse Seva Hiyo

Kuna karatasi nimeikuta kwenye kabati la seva katika ofisi zaidi ya moja, imeandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE. Ukimuuliza fundi sababu, atakujibu kwa sauti ya chini, "Kaka, hiyo ndiyo yenye hifadhidata. Inafanya kazi, tuiache." Namwelewa. Ndani ya kabati lile kuna mishahara ya watu, mafaili ya wagonjwa, ada za wanafunzi. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo iliyoziacha seva zikiendeshwa na CentOS 7, toleo lililotoka Julai 2014 na kufikia ukomo wake Juni 30, 2024. Tangu siku hiyo mradi wa CentOS hautoi tena viraka vya usalama kwa toleo hilo. Tundu likigunduliwa leo, kesho litakuwa wazi, na mwakani pia.

Tulishaona matokeo yake. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Mei 12, hata miezi miwili haijatimia, kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, na hospitali za umma Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Dawa ilikuwepo. Mashine zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimeinywa.

Wewe unayeshika funguo za kabati, una bahati ambayo wengi hawana: una klasta. Siku ofisi ilipokubali kununua seva tatu badala ya moja, ilinunua ruhusa ya kuzima moja. Iwe ni Galera, au PostgreSQL inayosimamiwa na Patroni pamoja na etcd, seva mbili kati ya tatu zinatosha kuwa akidi, na kikao kikiwa na akidi kinaendelea. Basi anza na seva fuasi, uiache ile kuu hadi mwisho. Iondoe kwenye orodha ya kupokea wateja, iwekee mfumo endeshi mpya, irudishe, kisha usubiri. Subiri hadi iwafikie wenzake kwa kila muamala, ndipo uende kwa ya pili. Uongozi uuhamishe mwenyewe kwa amri, ukiwa macho na umetulia. Tamaa ya kumaliza mapema isikushawishi kuzima mbili kwa pamoja: figa moja haliinjiki chungu. Seva itakayobaki peke yake inaweza kukosa akidi na kukataa kuandikiwa, na ikikataa inafanya vema, maana hapo inalinda data yako.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mafundi hodari wamenaswa. PostgreSQL kwa kawaida haijipangii maneno yenyewe. Huuliza mfumo endeshi, kupitia maktaba iitwayo glibc, neno lipi litangulie lipi. Maktaba hiyo ilipofika toleo la 2.28, mwaka 2018, kanuni za kupanga zilibadilika. CentOS 7 inatumia 2.17, Red Hat 8 na ndugu zake, pamoja na Debian 10, zina 2.28. Chukua maandishi mawili, 11 na 1-1, uyapange kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Mashine ya zamani inatanguliza 11, mpya inatanguliza 1-1. Ni kistari tu! Lakini fikiria namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, ambazo karani mmoja aliziingiza kwa vistari na mwenzake bila vistari. Faharasa ilijengwa kwa kanuni ya zamani, sasa inasomwa kwa kanuni mpya. Unamtafuta mtu aliyemo, unaambiwa hayumo. Ukimsajili upya, hata sharti la kuzuia marudio linaweza kumpitisha. Na huenda kengele yoyote isilie.

Na kwa kuwa seva fuasi hunakili kurasa za seva kuu jinsi zilivyo, faharasa ile ile inahamia nayo. Kwa hiyo ukiuvuka mpaka huu wa 2.28, seva fuasi yenye mfumo mpya isisomwe na mteja yeyote kwanza. Funga huduma, ipe uongozi, pitisha REINDEX kwenye kila faharasa ya maandishi, kagua kwa amcheck, ndipo ufungue. Kama data ni nyingi na muda wa kufunga ni mfupi, tumia unakili wa kimantiki, uliomo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Huo husafirisha rekodi zenyewe, na mashine mpya hujijengea faharasa zake. MySQL na MariaDB zina kanuni zao za kupanga maneno, hivyo mtego huu hauzigusi. Ukishaujua, unageuka kuwa kazi ya usiku mmoja yenye hatua unazoweza kuzihesabu.

Ila usiianze kabla hujarejesha bekapu. Sikusema kuchukua, nimesema kurejesha. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akihangaika usiku na unakili uliokwama alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yupo kwenye fuasi. Walipokimbilia bekapu, wakakuta zana ya kuzichukua ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, nayo ilikuwa ikifeli kimya kimya. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Nawaheshimu sana kwa kulieleza hadharani jambo hilo lote. Wewe chukua mashine ya pembeni, rejesha humo data yako yote, hesabu rekodi, andika ilichukua dakika ngapi. Karatasi yenye dakika hizo mpelekee mkurugenzi unapomwomba usiku wa matengenezo. Kiongozi aliyekataa kusikia neno "kuhuisha" mara tano hulainika akiona saa ya kuanza, saa ya kurudi nyuma mambo yakiharibika, na jina la atakayepiga simu. Omba kwa heshima, na ukikataliwa, rudi wiki ijayo.

Kisha fanya zoezi zima kwenye mashine hiyo ya pembeni, mara mbili. Siku yenyewe mwite mwenzako akae kando yako, asome kila amri kwa sauti kabla hujaibonyeza, pamoja na jina la seva uliyomo.

Lakini usiku wa leo kazi yako ni ndogo. Ingia kwenye seva fuasi, ipe maandishi yale mawili iyapange kwa kanuni zile zile za Kiingereza cha Marekani. Ikitanguliza 11, bandua ile karatasi kabatini, na nyuma yake andika tarehe ya kuanza.