Meza Nikuone

Mgonjwa wa kifua kikuu nchini Tanzania hamezi dawa peke yake. Tangu 2006 Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma humpa hiari: amezee kituoni, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe, mara nyingi ndugu yake. Kwa vijiji vya Ikungi, Mkalama au Manyoni, mkoani Singida, vilivyo mbali na zahanati, hiari hiyo ni rehema kubwa.

Lakini anayemwambia mwenzake "meza nikuone" amebeba sehemu ya dhamana ya kitakachofuata. Nairobi ililijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1991 watafiti walieleza kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye VVU waliopewa thayasetazoni, kidonge cha kifua kikuu cha bei nafuu, alidhurika ngozi. Wengine walibabuka mwili mzima, na wapo waliofariki. Walikuwa wametii tu.

Thayasetazoni imekwisha kuachwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu ya leo, ni salama zaidi, na mzio wa ghafla ni nadra, ingawa huweza kumpata hata aliyekatiza dozi akairudia. Ukija, hausubiri: midomo inavimba, pumzi inabana, presha inashuka. Mtu mzima hulazwa, miguu ikainuliwa, akachomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu, sindano hurudiwa baada ya dakika 5. Dawa yenyewe ni kichupa cha mililita 1 kisichostahimili jua wala joto kali, na muuguzi anayezunguka nyumba kwa nyumba hana budi kukikinga na jua la mchana na kuitazama tarehe yake kabla ya kuondoka.

Je, kujiandaa hivyo kwa balaa ambayo huenda isije kabisa ni upungufu wa imani?

Waislamu wa Singida wanaijua hadithi ya Mtume kumwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Wakatoliki wanaye Yoshua bin Sira, aliyefundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini. Mafundisho hayo yanatosha kuruhusu kichupa. Yanayodai zaidi ni haya: mgonjwa anaweza kusema kuhusu nafsi yake kwamba lililoandikwa limeandikwa, na akaheshimiwa. Muuguzi hawezi kuisema kauli hiyo juu ya pumzi ya mtu mwingine, hasa mtu aliyemeza kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale anamtazama. Kuridhia kadari ni ibada ya mwenye mwili wake; akiifanya mtu mwingine kwa niaba yake, ni uzembe.

Dhamana hiyo inamfikia pia shangazi au kaka aliyekubali kusimamia dawa. Yeye hachomi sindano. Kabla ya kidonge cha kwanza, ana haki ya kuulizwa kama mgonjwa amewahi kudhurika na dawa yoyote, kuonyeshwa dalili za kusimamisha dozi na kukimbilia kituoni, vipele vyenye vidonda mdomoni vikiwamo, na kupewa namba ya muuguzi. Wakubaliane pia, siku hiyo hiyo, ni bodaboda ya nani itaitwa usiku na nani atalipa mafuta.