Jiwe la Kaburini



Hapa Juba kaburi analolijua kila mtu ni la Dkt. John Garang de Mabior, aliyefariki kwa ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005 akitoka Uganda. Uhuru wetu ulitangazwa palepale alipozikwa, 9 Julai 2011. Wenzangu huniuliza kama Mwislamu anaweza kusimama pale kwa heshima. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni Myahudi akauliza kama huyo naye si nafsi. Kwangu hiyo inatosha. Kumwombea maghfira ni suala jingine.

Wapo wanaosema kaburi la mawe ni desturi ya makanisani, haituhusu. Hawajafika Gedi, karibu na Malindi, kwenye kaburi la mawe lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Waliolijenga walikuwa Waislamu. Ni kweli kwamba Jabir amepokea katazo la kuyapaka makaburi chokaa na kuyajengea, nami siwatetei wazee wale wa pwani.

Lakini riwaya inayonishughulisha zaidi ni ile ya Abu Dawud. Uthman bin Madh'un alipozikwa, Mtume alimwagiza mtu alete jiwe. Yule mtu akashindwa kulibeba. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka upande wa kichwa ili alitambue kaburi la ndugu yake na awazike jamaa zake karibu naye. Halikuwa na jina wala nakshi. Kazi yake ilikuwa kutambulisha tu.

Sasa tazameni nchi yetu. Vita vya 1983 hadi 2005 vinakadiriwa kuua watu milioni mbili, kisha vikaja vya Desemba 2013 vilivyoanzia humu humu Juba. Wengi wao hawana hata jiwe hilo moja. Darasani tunajadili kaburi liinuliwe shibri ngapi (na mjadala huwa mkali kwelikweli), lakini sijasikia tukiuliza juu ya maiti asiye na kaburi. Kuzika ni faradhi kifaya: wasipofanya wengine, dhambi ni ya wote wanaojua na wanaoweza. Je, faradhi hiyo inaanguka miaka ikipita na mifupa ikabaki porini? Mimi naona haianguki, na anayeona vinginevyo aniletee dalili yake.